Laal maas ya Rajasthan katika jiko la Mombasa: pilipili ipi, na je, nyanya hutiwa?

BintMakadara anauliza:

Assalamu alaikum, wapishi wenzangu.

Mwisho wa mwezi huu wakwe zangu watakuja kututembelea kutoka Malindi, nami nimenuia kuwapikia laal maas, ule mchuzi mwekundu wa mbuzi unaopikwa Rajasthan, kaskazini-magharibi mwa India. Pilau na biriani wanazijua kuliko ninavyozijua mimi, kwa hivyo nataka kuwaandalia kitu wasichokizoea lakini ambacho bado ni nyama, samli na viungo, ili mtu asione ugeni wa kumzuia kunyoosha mkono.

Nimekusanya maelezo kutoka kwa watu mbalimbali, na yanapingana katika mambo ya msingi. Mmoja anatia tungule (yaani nyanya) nne, na mwingine anasema kwamba mwenye kutia tungule amepika mchuzi mwingine kabisa. Mmoja anataka pilipili za Mathania, ambazo sijaziona katika duka lolote hapa mjini, naye jirani yangu ananishauri nitumie pilipili mbuzi badala yake, kwa kuwa kwake pilipili zote ni mamoja. Wote wanakubaliana kwamba mtindi ni lazima, lakini hakuna anayeeleza ni mtindi wa namna gani, wala utiwe wakati gani ili usikatike.

Nitakuwa na kilo mbili za nyama, na nina jiko la gesi pamoja na jiko la makaa. Miongoni mwa wageni yumo mama mkwe, ambaye hula pilipili lakini si ya kumtoa machozi, na watoto wawili ambao hawaili kabisa. Naomba mnielekeze.

MzeeWaKibokoni anajibu:

Wa alaikum salaam, binti yangu. Nianze na pilipili, kwa sababu katika mchuzi huu pilipili si kikolezo cha kutiwa mwishoni bali ndiyo rojo lenyewe. Mathania ni kijiji kilicho karibu na mji wa Jodhpur, na pilipili zake zimesifika kwa kuwa zina wekundu mwingi na ladha nzito, huku ukali wake ukivumilika. Ndiyo maana mpishi wa huko huweza kutia konzi nzima ya pilipili katika kilo moja ya nyama na watu wakala wakashiba. Pilipili mbuzi haiwezi kushika nafasi hiyo. Kwa kipimo cha Scoville, ambacho hutumiwa kupimia ukali, pilipili za jamii ya pilipili mbuzi huwa kati ya 100,000 na 350,000, ilhali pilipili ya Kashmiri huwa kati ya 1,000 na 2,000 tu. Ukitia pilipili mbuzi za kutosha kuupa mchuzi rangi, hakuna atakayeweza kuula, na ukitia kiasi kinacholika, mchuzi wako utabaki na rangi ya udongo. Isitoshe, pilipili mbuzi ina harufu yake ya matunda, nzuri sana katika achari ya embe, lakini hapa itaifunika nyama.

Nunua pilipili za Kashmiri, nzima na zilizokaushwa, katika maduka ya viungo yaliyo karibu na Marikiti, na usikubali kuuziwa za unga ikiwa unaweza kupata nzima, kwa sababu unga huchanganywa na hupoteza harufu upesi. Shika moja uiangalie kabla ya kulipa. Ngozi yake iwe na makunyanzi na wekundu uliokoza bila kuelekea kahawia, na ukiikunja ipinde kidogo kabla ya kuvunjika. Ikisagika vidoleni kama jani kavu na mbegu zake zikawa zimegeuka hudhurungi, imekaa dukani muda mrefu, na hakuna samli itakayoirudishia rangi yake. Kwa kilo moja ya nyama chukua pilipili ishirini za Kashmiri, kisha uongeze tatu au nne za zile nyembamba kavu zinazouzwa kila mahali hapa kwetu, hizo kwa ajili ya ukali. Kwa sababu ya mama mkwe, hizo nyembamba unaweza kuziacha kabisa, na mchuzi utakuwa mwekundu vilevile.

Zitoe vikonyo, uzipasue na ukung'ute mbegu. Fahamu kwamba ukali mwingi haumo katika mbegu, kama wengi wanavyodhani, bali umo katika utando mweupe unaozishika mbegu hizo, kwa hivyo ukitaka kupunguza ukali ukwangue utando huo kwa ncha ya kisu. Ziloweke katika maji ya moto kwa nusu saa, kisha uzisage pamoja na vichwa viwili vya kitunguu thomu mpaka ziwe laini sana. Baada ya kusaga, chukua kidogo kwa vidole viwili usugue. Ukihisi maganda, pitisha kwenye chujio, maana maganda hayo hayalainiki sufuriani hata ukipika kutwa nzima. Paka mikono yako mafuta kabla ya kazi hii, na usiguse macho.

Ama tungule, mimi nasema zisitiwe. Sehemu kubwa ya Rajasthan ni nchi kame, na upande wake wa magharibi ni jangwa la Thar. Mapishi ya huko yamejengwa juu ya vitu vinavyodumu au vinavyotokana na mifugo: samli, mtindi, viungo vikavu, pilipili zilizoanikwa. Liko pishi lingine la huko linaloitwa jungli maas, lililotokana na kambi za wawindaji wa Kirajput, jamii ya watawala na wapiganaji wa huko, nalo halina kitu isipokuwa nyama, samli, chumvi, pilipili nyekundu na maji. Laal maas ni ndugu yake aliyekaa mjini akaongezewa mtindi, thomu na viungo. Uchachu unaohitajika tayari uko katika mtindi, na wekundu uko katika pilipili; tungule zitaleta uchachu wa pili na kuugeuza wekundu huo kuwa rangi ya chungwa.

Mapishi yenyewe ni haya. Pasha samli, gramu 150 kwa kilo moja, na usione ni nyingi, kwa sababu kapsaisini inayoleta ukali na rangi nyekundu ya pilipili vyote huyeyuka katika mafuta na si katika maji. Tia karafuu tano, iliki tano, iliki kubwa nyeusi mbili, kijiti cha mdalasini na kijiko kidogo cha bizari ya pilau. Zikianza kunukia, tia vitunguu maji vitatu vilivyokatwa vyembamba, uvikaange mpaka viwe vya rangi ya dhahabu iliyoiva. Sasa tia nyama na chumvi, ongeza moto, na ukae hapo hapo ukigeuza kwa mwiko. Nyama itatoa maji yake kwanza na itaonekana kama inachemka. Usikate tamaa wala usifunike, endelea mpaka maji yakauke na usikie sauti ya kukaangika imerudi. Hatua hii huchukua robo saa au zaidi, na ndiyo ambayo watu wenye haraka huikatiza, kisha wakashangaa kwa nini mchuzi wao hauna uzito.

Baada ya hapo punguza moto, tia ile pilipili iliyosagwa na thomu, vijiko viwili vidogo vya dania ya unga na manjano kidogo. Kaanga kwa moto mdogo, kwa sababu pilipili ikiungua huwa nyeusi na chungu, na moshi wake utawakohoza mpaka walio sebuleni. Ukiona samli nyekundu inajitenga pembeni mwa sufuria, pilipili imeiva. Hapo ndipo mtindi huingia, na kuhusu mtindi nawaachia wengine walio na ujuzi zaidi. Mwisho tia maji ya moto vikombe vitatu, funika, na uache itokote polepole kwa saa moja na nusu au mbili.

BiMtwapa anajibu:

Nakubaliana na Mzee kuhusu pilipili, nami nitachukua pale alipoachia.

Maziwa lala ya pakiti yanayouzwa madukani hayafai, dada yangu, kwa kuwa ni mepesi na yametengenezwa kwa ajili ya kunywa. Tafuta yogati nzito isiyo na sukari wala ladha ya matunda, kikombe kimoja kwa kilo moja ya nyama. Kama umepata mtindi wa nyumbani, uweke katika kitambaa safi cha pamba uuning'inize kwa saa moja ili maji yake yachuruzike. Mtindi hukatika kwa sababu protini zake, zinapopata joto kali kwa ghafla, hujikunja na kushikamana, zikayaacha maji peke yake. Kwa hivyo kwanza utoe mtindi kwenye friji mapema usiwe baridi, uupige kwa uma mpaka uwe laini, na uchanganye humo kijiko kidogo cha unga wa dengu, ambao husaidia kuzuia protini hizo zisigandamane. Kisha epua sufuria motoni kabisa, tia mtindi kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga kuelekea upande mmoja, na urudishe kwenye moto mdogo bila kuacha kukoroga mpaka mchuzi uanze kutokota wenyewe. Ukishafika hapo na samli ikajitenga tena, hatari imekwisha na unaweza kutia maji.

Kuhusu nyama, mwambie mwenye bucha akupe mkono na shingo, pamoja na mifupa yake, na akate vipande vikubwa kuliko vya pilau. Paja tupu huonekana zuri kwenye mizani lakini hukauka katika mchuzi wa saa mbili. Mkono na shingo vina mishipa na ngozi ngumu ambazo, zikipikwa polepole, huyeyuka na kuupa mchuzi ule utelezi unaonata midomoni. Usinunue beberu mzee, kwa sababu harufu yake haifichiki hata kwa thomu. Ukipata ndafu, umepata hasa.

Huko Rajasthan nyama ngumu hulainishwa kwa kachri, tunda dogo la jamii ya matango ambalo hukaushwa na kusagwa. Sisi tuna papai bichi, ambalo hufanya kazi hiyo hiyo. Saga kipande kidogo pamoja na ganda lake, kijiko kimoja kikubwa kwa kilo moja ya nyama, upake na uache kwa nusu saa, na usizidishe saa moja. Wako wanaolaza nyama na papai usiku kucha. Asubuhi juu ya nyama pamekuwa uji na ndani bado ni pagumu. Ikiwa mbuzi wako ni mchanga, papai halihitajiki.

FundiWaChangamwe anajibu:

Mimi napika katika jiko la hoteli, na ningependa kuwatetea kidogo wanaotia nyanya, ingawa Mzee amesema kweli kuhusu asili ya chakula hiki. Wapishi wengi wa mahotelini siku hizi hutia nyanya kwa sababu wateja hutaka rojo jingi la kuchovyea mkate, na mchuzi wa mtindi na samli peke yake huwa mchache. Ukiamua kutia, weka nyanya mbili zilizosagwa, si nne, uzitie kabla ya pilipili na uzipike mpaka zikauke na harufu ya ubichi itoke, kisha upunguze mtindi kwa nusu. Kwa karamu ya nyumbani, hata hivyo, ningefuata njia ya Mzee. Ukitaka rojo zaidi, ongeza kitunguu maji kimoja, kwa kuwa kitunguu kilichokaangwa vizuri huyeyuka na kuleta uzito bila kuleta uchachu.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni moshi, na kwa kuwa umesema unalo jiko la makaa, itakuwa hasara kuuacha. Nyama ikishaiva, washa kipande kimoja cha mkaa wa mti mgumu mpaka kiwe chekundu chote na kisitoe tena moshi wake mwenyewe. Weka bakuli dogo la chuma katikati ya sufuria, juu ya nyama, tia kaa hilo ndani yake, weka karafuu mbili juu ya kaa, kisha mimina kijiko kidogo cha samli. Moshi mweupe utapanda papo hapo, nawe ufunike mara moja kwa kifuniko kinachoshika vizuri. Dakika tano zinatosha. Ukiacha zaidi, mchuzi utakuwa na uchungu wa masizi. Mkaa uwashie nje, uani au barazani, wala si ndani ya jikoni iliyofungwa madirisha, kwa sababu hewa ya mkaa ni sumu na haina harufu ya kumwonya mtu.

BintMakadara anauliza tena:

Nawashukuru nyote kwa maelezo haya, hasa kuhusu kuepua sufuria kabla ya kutia mtindi, jambo ambalo sikulisoma mahali popote. Nimeamua kuacha tungule. Nimebakiwa na maswali mawili. Watoto niwapikie nini bila kuanza sufuria nyingine tangu mwanzo? Na je, nikitia tui la nazi mwishoni ili kumtulizia mama mkwe ukali, nitakuwa nimekiharibu chakula?

BiMtwapa anajibu:

Kwa watoto, ipo njia nyepesi. Katika mapishi aliyoyaeleza Mzee, kuna wakati ambapo nyama imekaangwa pamoja na vitunguu na viungo vizima lakini pilipili haijaingia. Wakati huo chota nyama ya watoto uitie katika sufuria ndogo pamoja na samli kidogo, uendelee nayo kivyake kwa mtindi, tangawizi na korosho zilizolowekwa na kusagwa. Hutakuwa umebuni kitu kigeni, kwa kuwa huko huko Rajasthan kuna safed maas, mchuzi mweupe wa nyama unaopikwa kwa mtindi na lozi, nao huandaliwa pamoja na huu mwekundu. Korosho zetu za Kilifi zitashika nafasi ya lozi vizuri sana na kwa bei nafuu.

Tui naomba usitie. Najua mkono wa mtu wa Pwani huenda kwenye nazi bila kuagizwa, lakini utamu wa tui utaufuta moshi na kuufunika mtindi, na mtakachokula kitakuwa mchuzi wa nazi wenye pilipili nyingi. Ikiwa moyo wako uko kwenye nazi, pika siku nyingine nyama ya Kolhapur, katika jimbo la Maharashtra, ambayo hutumia nazi kavu iliyokaangwa pamoja na ufuta, au ya Chettinad, katika Tamil Nadu, ambako nazi husagwa pamoja na shamari na pilipili manga. Hayo ni mapishi makali pia, na nazi ndiko kwao. Kumtulizia mama mkwe ukali, mwekee bakuli la mtindi uliopigwa na chumvi kidogo kando ya sahani yake. Maji hayaondoi ukali wa pilipili mdomoni, lakini maziwa na mtindi huuondoa.

MzeeWaKibokoni anajibu:

Bi Mtwapa ameyajibu yote mawili, nami naongeza yanayohusu kilo mbili, kwa sababu watu huzidisha kila kitu mara mbili na mchuzi ukawa mwembamba. Pilipili, thomu, mtindi na chumvi zidisha mara mbili, lakini samli ianzie gramu 250, na maji yaanzie vikombe vinne, uongeze baadaye ukiona haja. Nyama ikaange kwa mafungu mawili, kwa kuwa ukiijaza sufuria itachemka katika maji yake na haitashika rangi.

Ni bora upike siku moja kabla ya wageni kufika. Uache upoe, uutie frijini, na kesho yake uupashe kwa moto mdogo pamoja na nusu kikombe cha maji ya moto, bila kukoroga kwa nguvu ili nyama isikatike kwenye mifupa. Samli itakuwa imeganda juu kwa wekundu wa kuvutia; usiitupe, labda uchote vijiko viwili ukiona imezidi, uvihifadhi kwa kukaangia mayai. Moshi uutie siku ya kula, dakika chache kabla ya kupakua, kwa sababu ukilala frijini huisha.

Rajasthan hula mchuzi huu kwa mkate mkavu wa unga wa uwele. Ukipata mkate wa mofa wa unga wa mtama, utakuwa umekaribia sana, na ukikosa, chapati zisizo na mafuta mengi zinafaa, kwa kuwa mafuta tayari yako kwenye mchuzi. Wali mweupe nao unafaa, hasa kwa mama mkwe. Katika kachumbari usitie pilipili, tia ndimu na chumvi peke yake, na dania mbichi iletwe mezani katika kisahani chake ili kila mtu ajitilie mwenyewe.